Siku Kumi na Tisa

Wakili Pruitt ana sauti ya mtu anayezima taa
chumbani mwa mgonjwa.
Alitukalisha, akatumiminia kahawa,
akauliza swali moja:
Mashine iliuzwa lini?

Si mkono ulikatika lini,
si nani alikuwa zamu,
si hata, bado unauma, Bwana Szabados?
Iliuzwa lini.

Nikatoa risiti yetu, imekunjwa mara nne, ina doa la siagi.
Miaka mitatu iliyopita, dola mia tisa
mkononi mwa mhasibu wa kanisa,
na Tibor akaikumbatia ile mashine ya kukandia unga
kama mtu aliyepata mke ukubwani.

Wakili akatikisa kichwa.
Hapa Ohio hesabu haianzii kwenu.
Inaanzia kwa mnunuzi wa kwanza,
asubuhi ile gari liliposhusha sanduku
kwenye jiko la kanisa, sisi wala hatupo.
Tangu hapo, miaka kumi,
kisha mlango unafungwa.

Karatasi ya kanisa ilisema tarehe tatu Februari.
Mkono wa kaka yangu ulikwenda tarehe ishirini na mbili,
Februari ya mwaka wa kumi na moja.

Nilihesabu kwa vidole.
Nikaona haya, kuhesabu kwa vidole mbele yake.

Siku kumi na tisa.
Nimezipitia zote, moja moja, kama mtu anayetafuta pete mchangani.
Siku ya nne theluji ilifunga barabara, hatukuoka.
Siku ya tisa alikuwa na homa, nikamwambia lala, akakataa.
Siku ya kumi na mbili tuligombana juu ya bei ya mbegu za popi
hatukusemeshana mpaka jioni.
Na nyuma ya hizo, Januari nzima,
asubuhi thelathini na moja za mkono mzima ndani ya bakuli.
Yoyote kati ya hizo ingetufaa.

Tazama sheria ilivyonifanya:
dada anayekaa gizani akimtamania kaka yake
ajali ya mapema.

Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.
Sawa. Lakini sisi tulichelewa nini?
Jeraha lilikuwa halijazaliwa
na haki yake imeshazikwa.

Kiwanda nacho kinahitaji kulala, alisema wakili,
hakiwezi kushtakiwa milele kwa kila chuma kikuukuu.
Hakulisema kwa furaha, namshuhudia hilo.
Nami sibishani na usingizi wa mtu.
Ila Tibor halali.
Kiganja kisichokuwepo kinamwasha saa tisa usiku,
saa yetu ya kuwasha tanuri.

Nilipiga simu kiwandani.
Toleo la sasa lina wavu juu ya bakuli;
ukiuinua, mashine inazimika yenyewe.
Unauzwa peke yake, dola arobaini na moja.
Yule binti akaniomba namba iliyochongwa ubavuni.
Nikamsomea.
Nikasikia vidole vyake vikibonyeza, vikikoma.
Akanitakia siku njema.

Sasa tunakanda kwa mikono mitatu.
Yeye anasukuma kwa wa kushoto, mimi nakunja,
na mkate unatoka umepinda kidogo upande mmoja.
Wateja wa mtaani hawasemi neno.
Mama Horváth hununua miwili, ingawa anaishi peke yake.

Jumanne alikuja kijana kutoka Fremont,
anafungua duka la piza, anatafuta vitu vya bei nafuu.
Akaizunguka mashine, akaipiga ubavuni
kama anayenunua ng'ombe.
Bado inafanya kazi?
Inafanya.
Mbona mnaiuza?
Tibor alikuwa nyuma, anakung'uta trei.

Nikaitazama mikono ya yule kijana, yote miwili,
nikamtajia umri wa mashine:
mwaka, mwezi,
na siku.